Mwanamke wa Basi la Jioni

Katika sehemu iliyopita tulimwacha Eirlys Pritchard mlangoni mwa sebule ya makao ya wazee ya Plas Onnen, koti lake likichuruzika mvua, mkate wa zabibu aliouoka asubuhi ukiwa kwapani. Mbele yake, kwenye viti viwili vya dirishani, mumewe Gwilym alikuwa ameshikana mkono na mwanamke mwingine. Na alikuwa ametoka kumwita mwanamke huyo Lys.

Lys. Kifupi cha Eirlys. Katika ndoa ya zaidi ya miaka hamsini, hakuna mwingine aliyewahi kuitwa hivyo na kinywa kile.

Eirlys hakupiga kelele. Alifanya kile ambacho wanawake wa mtaa wetu wa Rhes Ucha hufanya mambo yakiharibika: alivua koti, akalitundika, akatafuta pa kukaa.

Kilikuwa kimebaki kiti kimoja, nyuma ya hao wawili. Akakaa hapo kama abiria aliyekosa nafasi ya mbele.

Yule mwanamke ndiye aliyegeuka kwanza. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimechanwa vizuri, na sweta lake la zambarau lilifungwa vifungo mpaka shingoni. Eirlys akamtambua. Alikuwa Menna Bowen, mjane aliyekuwa akiwafundisha watoto kuimba kanisani, enzi hizo kanisa halijafungwa na kuuzwa.

"Karibu," Menna alisema kwa adabu. "Umekuja kumwona nani?"

"Mume wangu."

"Yuko wapi?"

Eirlys aliitazama ile mikono iliyoshikana. "Ametoka kidogo," akasema.

Gwilym naye akageuka. Macho yake hayakutua kwa mkewe. Yalitua kwenye mkate. Alipokatiwa kipande alikitafuna taratibu, akashukuru, kisha akamweleza mgeni kwamba mke wake naye huoka mkate wa namna hiyo, ila mke wake huloweka zabibu kwenye chai usiku kucha, na huu inaonekana mwokaji alikuwa na haraka.

Eirlys alikubali kwamba kweli alikuwa na haraka.

Mkuu wa makao, Lowri, alimwona kutoka ofisini. Akaja akamshika kiwiko, akampeleka jikoni, akamwekea chai mbele. Lowri ni mtu wa hapahapa bondeni, na watu wa hapa hawajui kutoa habari mbaya bila chai. Alizunguka kidogo na habari za mvua, halafu akasema.

Ilianza saa za giza. Gwilym huamka na kuzunguka vyumbani akimtafuta Lys. Menna naye huamka akitafuta njia ya kwenda kwake, karibu na daraja, kwenye nyumba ambayo si yake tena. Wakakutana kwenye korido. Tangu siku hiyo Menna huja na mto wake, hukaa kwenye kiti kando ya kitanda cha Gwilym, humshika mkono, na wote wawili hutulia mpaka asubuhi. Wafanyakazi waliwaacha, kwa sababu kabla ya hapo palikuwa na vilio.

"Sikujua nikuambieje, Bi Eirlys," Lowri alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa ya mapafu."

Eirlys alikizungusha kikombe kwenye kisahani chake. Aliikumbuka homa hiyo. Gwilym alikuwa anapumua kama mashine mbovu, na Lowri alikuwa amemwambia abaki, kuna kiti kinachokunjuliwa kikawa kitanda. Naye alimbusu mumewe kwenye paji la uso, akaliwahi basi la jioni.

"Na mimi ananiitaje?" aliuliza.

Lowri alitazama dirishani.

"Niambie, mwanangu. Nimekuja na mvua yote hii."

"Anasema wewe ni mama mkarimu anayekuja mchana," Lowri alisema. "Anasema mama huyo huondoka na basi la jioni. Lys haondoki."

Wasomaji wapendwa, yako mambo ambayo mtu husikia akiwa ameketi na ikawa bahati kwamba ameketi.

Eirlys alimaliza chai yake. Kisha akauliza kama ni kweli chumba kilicho karibu na cha Gwilym kiko wazi tangu mzee aliyekuwa akiishi humo azikwe. Lowri akasema ni kweli.

"Niandikie mimi," Eirlys alisema. "Nahamia."

* * *

Lazima niseme hapa kwa nini mwanamke huyu alikuwa akiliwahi basi kila siku, maana aliyeanza kusoma leo atamwona hana moyo.

Gwilym alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu. Akili ilianza kumtoka kidogokidogo, na mwaka jana, alipotoka nje kwenye theluji na nguo za kulalia akiitafuta treni ambayo haiji tena huku juu, ikabidi apelekwe Plas Onnen. Halmashauri ikaja kupima nani alipe nini. Akiba ya mume na mke ilikatwa katikati. Nusu ya Gwilym, pamoja na sehemu ya pensheni yake, ikawa inaliwa na makao kila wiki. Nusu ya Eirlys haikuguswa. Na nyumba haikuhesabiwa kabisa, kwa sababu moja tu: mkewe anaishi ndani yake.

Sababu hiyo ikamgeuza Eirlys kuwa mlinzi.

Mtaani kwetu majina ya ukoo ni machache, kwa hiyo watu huitwa kwa kazi zao. Wyn Makaa, aliyekuwa akituuzia makaa ya mawe, ndiye aliyemfuata Eirlys baada ya mazishi ya jirani mmoja, akamshika mkono wa koti na kumpa siri. Binamu yake wa bonde la pili, alisema, alikuwa na mke makaoni, kama yeye alivyo na mume. Akalala kwa dada yake, kidogo tu. Akarudi, nyumba imeshahesabiwa, na sasa wanakaa humo watu wa mjini wanaokuja majira ya joto.

"Usilale nje ya nyumba ile," Wyn Makaa alimwambia. "Hata mara moja. Ukilala nje, umehama."

Hakuna aliyembishia. Sote tulilijua hilo kama tunavyojua kwamba barafu huteleza. Tuliwaambia na wengine. Jirani wa upande wa kushoto alikuwa hata akitazama bomba la moshi la kina Pritchard asubuhi, kuhakikisha Eirlys yumo.

Basi Eirlys hakulala nje. Harusi ya mpwa wake hakwenda. Daktari alipotaka alazwe kwa ajili ya kibofu, alikataa. Na usiku ule wa homa ya mapafu alikwenda nyumbani, akakaa jikoni na simu mapajani.

* * *

Binti yake, Nesta, alikuwa anapakua mchuzi wa nyama na viazi Eirlys aliporudi jioni ya siku ile ya mkate wa zabibu. Nesta ana miaka hamsini na saba, hana mume tena, anafanya kazi jiko la shule, na analala kwenye chumba chake cha utotoni tangu talaka yake. Ni mwanamke mwenye maneno makali na moyo mwepesi, na hajawahi kuweza kuvificha vyote viwili kwa wakati mmoja.

Alisikiliza habari ya Menna mpaka mwisho. Aliposikia habari ya chumba, akaweka upawa chini.

"Utahama," alisema. "Na nyumba?"

"Nyumba ni nyumba."

"Mama, ukitoka humu tu, inahesabiwa. Ninyi wawili mko kule, inaliwa pande mbili. Mimi nitakuwa nimesimama barabarani na sufuria."

Eirlys alimwambia asile chakula kwa hasira, kitamdhuru tumbo.

Nesta akasema neno ambalo nadhani alilijutia kabla halijatoka lote.

"Baba hakujui tena. Nyumba inakujua."

"Nyumba haijawahi kunishika mkono," Eirlys alijibu.

Wakala. Mvua ilipiga vigae vya mawe juu yao kama inavyopiga hapa tangu Oktoba hadi Aprili. Halafu Nesta, kwa sauti ya chini sasa, akamkumbusha mama yake kuhusu chumba cha mbele.

Kila nyumba ya Rhes Ucha ina chumba cha mbele ambacho hakuna anayekikalia. Viti vizuri viko humo, vyombo vizuri viko humo, kinafutwa vumbi kila Ijumaa, na kinafunguliwa kwa mchungaji na kwa maiti. Baba yake Gwilym alilazwa humo kabla ya kuzikwa, na mama yake pia. Majirani waliingia mmoja mmoja kuwaaga, wakanywa chai jikoni, na wanaume wakawabeba nje kupitia mlango ule. Kabla akili haijamwacha kabisa, Gwilym alimshika Eirlys kiwiko na kumtaka aahidi: akifa, atatolewa kupitia pale. Asibebwe kwenye gari la watu asiowajua, kupitia mlango wa nyuma wa mahali ambapo si kwake.

Eirlys aliahidi.

"Sasa nani atamfungulia?" Nesta aliuliza. "Hao wa mjini wa majira ya joto?"

Eirlys akainuka. Akaosha vyombo, ingawa zamu ilikuwa ya Nesta.

* * *

Nesta ndiye aliyempigia simu mtu wa halmashauri. Alitaka mama yake atishwe kidogo na mtu mwenye kitambulisho shingoni.

Akaja Rhodri Tudor, kijana mrefu mwenye viatu vilivyolowa. Eirlys, kwa heshima, akamwingiza chumba cha mbele. Rhodri ni wa mabonde haya haya. Alijua maana ya kukaribishwa chumba kile ukiwa si mchungaji na bado uko hai. Akakaa kwenye ukingo wa kiti.

Alieleza vizuri, lazima nimpe haki yake. Maadamu Eirlys anaishi hapa, nyumba haiguswi. Akihamia Plas Onnen moja kwa moja, nyumba inakuwa haina mwenyewe ndani yake, na baada ya muda mfupi wa kupumua itaanza kuhesabiwa kulipia vyumba vyote viwili. Hawatalazimishwa kuiuza kesho. Wanaweza kukubaliana halmashauri ilipe, deni likae juu ya nyumba, na likatwe ikiuzwa baadaye. Lakini baadaye itakuja, na baada ya watu wawili kukaa makaoni kwa miaka kadhaa, kitakachobaki huwa kidogo.

"Na mimi?" Nesta aliuliza.

Rhodri alimuuliza kwa upole ana umri gani.

"Hamsini na saba."

"Ungekuwa na sitini, nyumba isingehesabiwa," Rhodri alisema. "Ndugu wa miaka sitini anayeishi humo, sheria inamwacha."

Nesta alicheka kicheko kikavu. Maisha yake yote, alisema, amekuwa akidanganya umri kwa kuupunguza, na leo ndiyo mara ya kwanza kuambiwa kwamba alikosea upande.

Hata Eirlys alitabasamu. Na kwa sababu alikuwa ametabasamu, na kijana alionekana mtu mwema, akasema jambo ambalo hakuwa amepanga kusema. Alisema yeye si mtu wa kupuuza masharti. Tangu Gwilym aondoke hajalala nje ya nyumba hii hata mara moja, hata pale Gwilym alipokuwa karibu kufa, na angependa halmashauri ijue hivyo.

Rhodri aliacha kunywa chai.

"Samahani, Bi Pritchard. Kwa nini?"

"Si nitakuwa nimehama."

"Nani alikuambia?"

"Wyn Makaa."

Rhodri alimtazama Nesta, akamtazama Eirlys, akaweka kikombe chini kwa mikono miwili.

"Hakuna sheria kama hiyo," alisema. "Mtu akilala nje hahesabiwi amehama. Hapa ni kwako. Unaweza kulala kwa mumeo, kwa dada yako, hospitalini, na hapa pabaki kwako."

Nesta alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Ningeweza kulala kule," Eirlys alisema polepole, kama anayejaribu maji kwa kidole.

"Ndiyo."

"Wakati wa homa?"

"Ndiyo, Bi Pritchard."

"Hata wiki nzima?"

"Hata zaidi. Ilimradi hapa pawe ndipo unaporudi."

Eirlys alitikisa kichwa kukubali, mara kadhaa. Kisha akasimama, akamuuliza kijana kama anatia sukari kwenye chai. Alikuwa ameshamuuliza alipoingia. Alikuwa ameshamtilia.

Rhodri akasema ndiyo, vijiko viwili, na akainywa yote.

* * *

Habari hazikai ndani Rhes Ucha. Kabla giza halijaingia kila nyumba ilikuwa inajua, na kila nyumba ilikuwa imefunga mapazia mapema.

Kesho yake Wyn Makaa alikuja. Hakuingia. Alisimama nje ya geti na kofia mkononi, mvua ikimpiga kwenye upara, mzee wa miaka themanini na kitu. Alieleza kwamba alimuuliza binamu yake upya, kwa simu. Kumbe binamu hakulala tu kwa dada yake. Alihamia huko kabisa, na kitanda chake na paka wake. Sehemu hiyo ya hadithi Wyn hakuwa ameisikia, au aliisikia na ikamdondoka njiani.

"Ulinitakia mema, Wyn," Eirlys alisema.

"Nilikutakia mema."

"Basi nenda nyumbani, utashikwa na homa ya mapafu."

Hilo neno la mwisho likamgonga yeye mwenyewe. Akaingia ndani na kufunga mlango, na ndipo Nesta alipomsikia mama yake akilia. Alilia jikoni, bomba la maji likiwa wazi ili asisikike. Nesta alisimama upande wa pili wa mlango na hakuingia. Alisubiri mpaka bomba lilipofungwa, akaingia akisema kwamba anatafuta pasi.

Akalipiga pasi gauni la kulalia la mama yake. Lile la bluu, jipya, lililokuwa limewekwa kwa ajili ya hospitali.

Walipanga. Siku za kazi Eirlys atalala Plas Onnen, kwenye kile kiti kinachokunjuliwa. Jumamosi na Jumapili atalala nyumbani, moto uwake, mapazia yafunguliwe, chumba cha mbele kifutwe vumbi. Nyumba itabaki yake. Gwilym atamwona gizani, usiku mmoja baada ya mwingine, na pengine jina litarudi kwa mwenyewe.

"Na lisiporudi?" Nesta aliuliza huku akikunja gauni.

"Litarudi."

"Likitaka zaidi ya siku za kazi? Likitaka uwe hapo kila siku, ule hapo, uishi hapo?"

Eirlys akaweka mswaki wake mkobani.

Nesta akafunga mkoba. Alisema, bila kumtazama, kwamba ikifika huko, mama ahame. Kabisa. Nyumba ni mawe. Yeye atapata pa kuweka kichwa.

"Wapi? Kwenye oveni ya shule?"

"Ina joto kuliko chumba changu."

Walicheka, na kicheko kikaisha vibaya, kila mmoja akatafuta kitu cha kufuta kwa kitambaa. Maana wote wawili walijua. Ikiwa siku chache hazitatosha, mmoja wao atapoteza: mama atampoteza mume ambaye bado anapumua, au binti atapoteza paa. Na siku zenyewe zilikuwa zinaanza leo.

* * *

Jioni ilimkuta Eirlys kwenye kiti kando ya kitanda cha mumewe. Alikuwa amemlisha supu. Alikuwa amemnyoa. Gwilym alikuwa mchangamfu, akimsimulia mgeni habari za treni za zamani, na mgeni alikuwa akiuliza maswali mazuri kwa kuwa alizijua zote.

Nje, basi la jioni lilipanda mlima likikoroma, likasimama kituoni.

Gwilym akanyamaza. Akamgusa mkono wa sweta.

"Basi lako, mama."

"Leo siendi," Eirlys alisema.

"Utaachwa."

"Acha liniache."

Walilisikia likingoja. Walisikia mlango wake ukijifunga kwa ile pumzi yake ndefu, likaondoka, likakata kona ya machimbo, sauti ikapotea. Gwilym alikuwa na wasiwasi. Alikunjakunja ukingo wa blanketi. Maisha yake yote alifanya kazi ya kuhakikisha watu hawaachwi.

"Mumeo hatakutafuta?" aliuliza.

"Amenitafuta sana," Eirlys alisema. "Nilichelewa."

Gwilym alilipima jambo hilo. Alimtazama usoni kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama tangu majira ya baridi yaliyopita, na kitu kikapita machoni mwake, kama mtu anayepita nyuma ya pazia kwenye nyumba ya jirani. Midomo yake ilijongea. Eirlys akainama karibu.

Mlango ukafunguliwa.

Alikuwa Menna Bowen, na viatu vyake vya manyoya, na mto wake kifuani.

"Umekalia kiti changu," Menna alisema.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyomwambia mwingine kanisani kwamba benchi hilo ni la familia fulani.

Eirlys alimwambia, kwa upole wote alioweza kuupata, kwamba leo atakaa yeye. Kwamba yeye ni mke wa Gwilym.

Menna alifikiri. "Mke wake hulala hapa," alisema. "Wewe umewahi kulala hapa?"

Na Eirlys Pritchard, aliyekuwa na cheti cha ndoa, na nyumba, na ahadi, hakuwa amelala hapo hata usiku mmoja.

"Huyu mama ana kwake, Gwilym," Menna aliendelea, na sasa aliukumbatia mto wake. "Ana nyumba. Mwambie aende nyumbani kwake. Mimi sina. Kwangu hakukuwa na mtu wa kubaki ndani, wakaiuza. Kila siku nawauliza ninakwenda lini, wananiambia baada ya chai."

Eirlys aliinuka. Hakujua anainuka ili kupisha au kukataa. Walisimama hivyo, kila mmoja upande wake wa kitanda: mmoja alikuwa na nyumba na hana mume, mwingine ana mume na hana nyumba, na kiti katikati yao ni kimoja.

Kwenye korido mfanyakazi alikuwa akipunguza taa, kama wanavyofanya kila jioni baada ya dawa. Chumba kikawa rangi ya majivu. Uso wa mtu haukuonekana tena vizuri, ila umbo tu.

Gwilym alikuwa amefumba macho. Mazungumzo ya wageni yalikuwa yamemchosha. Alinyoosha mkono nje ya blanketi, kiganja juu, kama alivyokuwa akiunyoosha kitandani kwao Rhes Ucha kabla ya usingizi, usiku baada ya usiku, maisha yote.

"Lys," aliita. "Upo?"

"Nipo," walijibu wanawake wawili kwa pamoja.

Gwilym akageuza kichwa juu ya mto, taratibu, akiifuata sauti mojawapo.